Chupa Kumi na Mbili za Maharage Mabichi

Kwetu maharage mabichi ya bustanini yakizidi, hayaozi. Mama huyakatakata na maganda yake, huyashindilia kwenye chupa za mdomo mpana pamoja na maji ya chumvi, halafu huzichemsha ndani ya presha kuka, sufuria ya kubana mvuke, mpaka mtu asahau kama kuna kitu jikoni. Safari hii, chupa kumi na mbili zimeshajazwa, mpira wa kifuniko cha presha ukachanika.

"Chupa zisiguswe mpaka nirudi na mpira mpya," Mama akaniambia akitoka kwenda kazini. "Umenisikia, profesa?"

Nilisikia. Ila wenzangu walikuwa wananisubiri uwanjani. Nikazitia chupa zote kwenye sufuria kubwa, dakika ishirini, nikaepua. Maji yakichemka si yamechemka? Vifuniko vikabana vizuri tu. Mama aliporudi nikamwambia fundi baiskeli alituazima mpira wa presha yake. Akanisifu mpaka nikaona aibu kidogo. Kidogo.

Wiki tatu baadaye Bibi, mama yake Mama, alifungua chupa moja mchana akala peke yake. Kesho yake asubuhi nikamkuta kitandani ananikazia macho.

"Mume wangu, mbona leo mmekuja wawili?"

"Una bahati, Bibi. Mmoja wa kupika, mmoja wa kukubembeleza."

Akacheka, ulimi mzito, kope zimemwangukia nusu. "Nani kakulewesha asubuhi yote hii?" nikamtania, nikamwigiza anavyoongea. Niliacha kucheka chai ilipomtokea puani.

Hospitalini daktari, binti mwenye miwani, aliuliza amekula nini.

"Maharage yetu ya chupa," Mama akadakia, "lakini hayo salama, daktari. Yamechemshwa kwa presha."

Daktari akayakata kwa kalamu kwenye orodha yake. "Basi tuangalie kiharusi." Wakamsukuma Bibi kwenda kupigwa picha ya kichwa.

Nikabaki kwenye benchi najitetea kimoyomoyo kama wakili: labda ni kiharusi kweli. Yakapita masaa mawili. Walipomrudisha, mate yalikuwa yanamchuruzika shingoni, yeye ambaye hata dukani haendi bila poda.

"Hayakuchemshwa kwa presha," nikasema. "Nilichemsha kwenye sufuria. Dakika ishirini."

Mama hakunipiga. Kibao ningekishukuru. Daktari alishakimbilia simu.

"Ni sumu ya chakula cha chupa," alituambia baadaye. "Sufuria ya kawaida haifikii joto la kuua vijidudu vyake. Dawa inatoka mji mwingine, itafika jioni. Itazuia sumu iliyobaki, ila iliyokwisha kushika mishipa ya fahamu haiitoi. Mngesema asubuhi..." Akamwona Mama anavyoniangalia, akageukia kitanda cha Bibi.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Mashine inampumulia. Nesi anasema akili yake nzima na anasikia kila kitu, ila hana nguvu hata ya kufungua jicho.

"Mchekesheni," anatuambia kila siku. Hapo Mama huinuka, hutoka nje, huniachia kiti.

Leo sikuchekesha. Nilimsimulia yote, sufuria, uwanja, uongo, na benchi. Chozi likateleza chini ya kope yake. Nikamwita nesi kwa kelele.

Akaja, akalipangusa kwa pamba. "Hayo ni macho tu yanavuja," akasema. "Usiyape maana."