Bwana Harusi wa Karatasi ya Sukari

Jumatatu asubuhi Scholastica alikuwa akisafisha printa yake kwa pamba na maji ya uvuguvugu, kwa sababu wino wa kulika ukikaa bila kazi hukauka na kuziba matundu. Printa ile haikuwahi kuonja wino wa kawaida. Ilikaa peke yake juu ya meza ya chumba cha mbele, huko Nyamisangura, na kwa kazi yake watu wa Tarime walikuwa wamekula sura za maharusi, za watoto wa kipaimara, na mara moja ya diwani.

Baba yake, mzee Nyangwine, aliingia bila kubisha hodi. Nyuma yake alikuwapo mama mmoja mtu mzima wa Nyanungu, kajifunga kitenge kipya. Huyo ndiye Mama Mogesi. Scholastica akawaamkia shikamoo wote wawili. Mama Mogesi akatoa picha ya studio, akaiweka mezani.

"Huyu ndiye mwanangu," alisema. "Namtaka juu ya keki."

Picha ilikuwa ya kiti kitupu mbele ya pazia la bluu.

Mogesi hakuwahi kuzaliwa. Mama yake alizaa mabinti watupu, wote wakaolewa mbali, mume akafa, boma likabaki bila wa kulirithi. Kwa mwanamke wa namna hiyo Wakurya wana njia: anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Huiita nyumba ntobu, na zipo ambazo wanawake wawili wamezeeka pamoja kwa amani. Lakini Mama Mogesi hakutaka kuoa kwa jina lake. Alikuwa akimwozesha mwanawe, ambaye alimpa jina zamani na kumpakulia chakula kila jioni.

Binti aliyechaguliwa alikuwa Wegesa, mdogo wake Scholastica, msichana aliyemaliza kidato cha nne na kupata nafasi chuo cha uuguzi. Ng'ombe walikuwa wameshaingia bomani kwa mzee Nyangwine na kutoka tena, kwani kaka yao Emanueli aliwatumia kuoa.

"Baba, Wegesa hajaulizwa," Scholastica alisema.

"Hata ng'ombe hawakuulizwa," mzee akajibu.

Mama Mogesi hakuwa mkorofi. Alimshika Scholastica mkono kwa viganja vyote viwili. "Mwanangu, jirani yangu alipooa binti, watu walicheka, wakauliza bwana harusi yuko wapi. Mimi sichekwi. Nisipomwona Mogesi juu ya keki, narudi nyumbani peke yangu, na habari ya ng'ombe tutajuana na baba yako."

Mfa maji haachi kutapatapa. Scholastica akalishika lile neno, kwamba pasipo picha hakuna harusi, na walipoondoka tu akafunga mlango akaenda Sirari, mpakani.

Huko alikuwako Vivian, Mjaluo mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, muuza vifaa vya keki.

"Unataka karatasi za wanga ama za sukari?" Vivian aliuliza. "Ya sukari inalala juu ya keki kama ngozi, rangi inang'aa. Ya wanga inapausha rangi, halafu krimu ikiilowesha inajikunja."

"Nipe za wanga. Zilizopitwa na tarehe, zilizofunguliwa zikapigwa na upepo. Na wino uliokaa juani."

Vivian akamtazama. "Kwani unataka keki ama unataka kesi?"

"Nataka picha isitokee."

Vivian aliingia stoo akatoka na vitu alivyokuwa amevitenga kutupa.

Alasiri Scholastica aliweka karatasi ya kwanza. Ikatoka imepasuka pembeni, na juu ya kiti ameketi mwanaume wa makamo ya Emanueli, masikio makubwa kama ya Mama Mogesi, mikono juu ya magoti. Scholastica akachomoa katriji nyeusi. Mwanaume akatoka mzima. Scholastica akaosha katriji zote akazijaza chai ya rangi. Yule mtu akatoka kwa rangi ya chai, tena akionekana vizuri zaidi. Kisha umeme ukakatika mtaa mzima, na printa ikaendelea mpaka mwisho wa karatasi. Scholastica akakaa chini sakafuni akalia.

"Dada, nyamaza," alisema yule wa kwenye karatasi, kwa Kikurya cha Nyanungu. "Hata mimi sitaki."

Wegesa aliingia na trei ya mayai. Alimsalimu yule wa kwenye karatasi, kwa kuwa alilelewa kusalimia wageni.

"Wewe ndiye Mogesi?"

"Ndimi. Naitwa mezani kila jioni, na sijazaliwa. Nimechoka. Sikutaki, lakini si kwa ubaya."

"Wala mimi sikutaki," Wegesa alisema. "Si kwa ubaya."

Tangu shauri lile lianze, hao ndio walikuwa wa kwanza kuambiana ukweli.

"Nitasema mbele ya wazee," Mogesi akaahidi. "Ila karatasi hii inaninyima sauti. Mdomo unajikunja."

Kwa hiyo Scholastica alirudi Sirari. Safari hii alichagua kama mtu anayemnunulia mgonjwa dawa. Alikagua mfuko kama haujaingiwa na hewa, akakunja ncha ya karatasi ya sukari kuona kama itavunjika, akanusa wino, akadondosha tone kwenye ulimi. Vivian alimsubiri bila kumharakisha.

"Sasa unataka itokee," alisema.

"Nataka asikike."

Siku ya harusi, huko Nyanungu, Scholastica alisawazisha krimu kwa kisu cha moto, akabandua karatasi kutoka kwenye plastiki yake huku amezuia pumzi, akailaza. Mogesi alitokea kwa suti, midomo ikimeremeta. Watu walipokwisha kula, mshereheshaji aliinamisha maikrofoni kwenye keki, kwa sababu ilikuwa zamu ya bwana harusi.

"Wazee wangu, shikamooni," Mogesi alisema. "Huyu binti simtaki, na yeye hanitaki. Mwacheni aende chuo."

Wazee wakanong'onezana. Scholastica aliubana mkono wa mdogo wake mpaka vidole vikauma. Kisha mzee wa ukoo akasimama.

"Mura," alisema kwa upole, kama mtu anavyosema na kijana wake, "tumekusikia. Ng'ombe waliotoka ni wa nani?"

"Wa mama."

"Uliwahi kumchunga hata mmoja?"

"Sikuwahi."

"Basi unakataaje? Na bwana harusi kusema hataki si jambo geni. Hata mimi siku yangu nilisema."

Watu wakacheka. Scholastica akasimama. "Wegesa naye hataki! Muulizeni mwenyewe!"

Mzee akamgeukia Wegesa, akamuuliza. Mke wa Emanueli alikuwa ameketi mstari wa mbele, mimba yake kubwa, akimtazama Wegesa bila kupepesa. Ng'ombe wakidaiwa, mke huyo naye anarudishwa kwao. Wegesa alimtazama kwa muda mrefu, akafungua kinywa, akakifumba, akainamisha kichwa.

"Amekubali," mzee alisema.

Mama Mogesi alikuwa akitiririkwa na machozi ya furaha. "Sauti ya baba yake," alimwambia kila aliyekuwa karibu. "Mmeisikia? Sauti ya baba yake kabisa." Akaomba kisu. Alianza kukata mdomoni mwa Mogesi, na kipande kile akakila mwenyewe, polepole, kwa kuwa yeye ndiye mama. Sehemu nyingine ziligawiwa. Wegesa alilishwa bega. Akatafuna, akameza, wanawake wakapiga vigelegele.

Sasa anaishi Nyanungu. Kijijini wanamsifia mumewe: hapigi, halewi, na siku ya harusi alizungumza vizuri mbele ya wakubwa. Wanasema tu kwamba tangu siku hiyo amekuwa mkimya.

Scholastica alipokwenda kumwona alimkuta akipepeta ulezi. Akamuuliza kuhusu chuo.

"Mama mkwe hana neno," Wegesa alisema. "Anasema ruhusa ni ya mume wangu. Nimeshamwomba." Akapuliza makapi. "Nangoja ajibu."