Kilo Moja na Robo

Jumanne jioni, saa kumi na mbili kasorobo, mkaguzi wa mizani alivua hedifoni zake, akaziweka kwenye mizani ndogo ya kazini na kukuta kilo moja na robo. Zilipokuwa mpya zilikuwa na gramu mia mbili na kumi. Alizipima mara ya pili, kwa kuwa ndivyo kanuni inavyotaka, akaandika kwenye daftari. Upande wa kushoto ulikuwa umezima tangu asubuhi.

Mkewe, mshona mapazia, alikuwa amekaa mbele yake na sindano mkononi. Kwa miaka tisa alikuwa akisema naye kila jioni, na kila jioni mkaguzi, taarifa ya habari ikiwa masikioni, alimwinulia dole gumba. Ilikuwa ndoa tulivu. Majirani waliitolea mfano.

"Baba watoto," alianza mke.

"Kesho nazipeleka kwa fundi," alijibu mkaguzi, akiamini ndilo alilotaka kujua.

Jumatano fundi alifungua skrubu mbili za upande wa kushoto, akainua sponji kwa ncha ya bisibisi. Sauti ya mshona mapazia ikatoka: "Baba watoto, gesi inakaribia kuisha." Fundi akaiziba kwa kidole.

"Hazina ubovu, mzee. Zimejaa."

"Zimejaa nini?"

"Maneno ya mama. Hapa juu ni ya juzi, huko chini utakuta ya mwaka wa harusi. Yameulemea waya mpaka umekatika."

"Ni kawaida?"

"Kwa waume, ndiyo. Mwezi uliopita nilifungua za dereva wa lori. Kilo mbili na nusu."

"Ulipima kwa mizani iliyokaguliwa?"

Fundi alieleza kwamba akiunga waya sasa hivi utakatika tena, hivyo sharti maneno yatoke kwanza. Neno likishasikilizwa, halina uzito. Kwa mzigo huu mkaguzi angehitaji siku kumi na moja za kusikiliza, bila kula wala kulala.

"Na mpya?"

"Duka la pili pale. Dakika tano. Lakini hili linalofuata lisikilize, mzee wangu, nakuomba." Akainua kidole.

"Alhamisi saa mbili asubuhi wananitoa ule uvimbe," ilisema sauti. "Daktari anataka niende na mtu wangu. Sitaki kukaa pale peke yangu. Utakuja?"

Ukafuata ukimya mfupi, wa kutosha kuinua dole gumba. Kisha sauti ikasema, "Asante."

Mkaguzi aliuliza neno lile lina gramu ngapi. Fundi akamwambia mia moja na arobaini, zito kuliko yote aliyowahi kukutana nayo. Mkaguzi aliandika. Kisha wakazipima tena hedifoni, zikawa kilo moja na robo ileile.

"Sasa si nimelisikia?"

"Umelisikia," alisema fundi. "Bado hujalisikiliza."

"Alhamisi nina mabucha," alisema mkaguzi. "Nisipokwenda, watu watapunjwa."

Akaziacha hapo, akaenda duka la pili. Alichagua nyeusi, za gramu mia mbili na kumi kama zile, zinazokata kelele zote za nje, akaondoka nazo zikiwa masikioni.

Alhamisi alfajiri mshona mapazia alipita kwa fundi na kuzichukua zile za zamani. Fundi alikuwa amezifunga kwa kitambaa, akakataa hela. Hospitalini muuguzi alimuuliza amekuja na nani. Mshona mapazia akaziweka mezani.

"Mume?"

"Mume."

Muuguzi akaandika "mume" kwenye fomu, akazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, pamoja na nyingine tano. Msumari ukainama. Akamwambia mfagizi alete mrefu zaidi.

Jumamosi jioni mshona mapazia alirudi nyumbani ameshika ubavu. Mkaguzi alikuwa mezani.

"Nimerudi," alisema mke. "Wamekuta uvimbe mwingine."

Dole gumba likainuka.

Kabla ya kulala, mkaguzi alizipima hedifoni mpya. Gramu mia tatu na sitini. Alizipima mara ya pili, akapata hizohizo, akafungua daftari na kuandika: *Za zamani zilichukua miaka tisa kujaa. Dai dhamana dukani.*