Ratiba Moja kwa Wote

Kocha alikuwa na ratiba moja tu, nayo aliibandika ukutani kwa gundi ili asitokee mjuaji wa kuihamisha. Wiki nne kambini mlimani, wote walale huko huko juu, wote wakimbie kilomita zile zile. Kati ya wakimbiaji kumi na wawili, kumi na mmoja walizidi kushika kasi. Wa kumi na mbili alikuwa anaburuta miguu, na huyo, kwa bahati mbaya, ndiye binti yake wa kumzaa.

"Unadeka tu," alimwambia mbele za watu. Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa umebakiza wiki tano. Lakini kilichomkera hasa alikijua mwenyewe: zamani naye alipandishwa kambi kama hii, akashindwa, akateremka siku ya kumi na tisa wenzake wakimwita Mwoga. Jina lile lilimganda kama kupe. Hakutaka binti yake aitwe hivyo.

Asubuhi moja daktari wa timu, mama asiye na maneno mengi, alimwita kwenye chumba cha vipimo, akamtandazia majibu ya damu ya wiki tatu.

"Kocha, mtoto huyu hadeki. Damu ya wenzake imeongezeka nguvu, yake iko pale pale. Usingizi hapati, na moyo unamwenda mbio hata kabla hajatoka kitandani. Hana ugonjwa. Mwili wake haupatani na mwinuko huu, basi."

"Kwa hiyo ndiyo mwisho wake?"

"Mwisho wa nini? Akalale mji wa chini, apande huku mara mbili kwa wiki. Mpe ratiba yake peke yake. Mchujo bado anauwahi."

Kocha alishusha pumzi ndefu. Alifika mlangoni, akageuka. "Daktari, hali hii mtu anaweza kuitoa kwa baba yake?"

"Huenda. Kwa nini?"

Kocha alikuwa ameshatoka. Alimkuta binti yake kwenye ngazi za bweni, begi limeshafungwa, macho mekundu.

"Najua unanirudisha nyumbani, baba."

"Nakuteremsha, sikurudishi." Akaketi kando yake. "Nisamehe, mwanangu. Hata mimi huku juu nilishindwa. Siku kumi na nane sikulala."

Binti alimkodolea macho. "Si ulituambia uliumia goti?"

"Goti!" Kocha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka bila kuyazuia. "Goti langu zima mpaka leo."