Maharage Yaliposhinda Uchaguzi

Adelina hakuwa mtu wa siasa. Aliuza mitumba katika soko la Mnarani, pale Isevya, na siasa zake ziliishia kumshawishi mteja kwamba gauni linambana kwa sababu ndivyo lilivyoshonwa. Kilichomwingiza kwenye mambo ya kura ni harufu.

Soko lile liliongozwa na kamati ya watu saba. Siku ya uchaguzi kila mfanyabiashara aliandika majina saba, na waliopata kura nyingi zaidi ndio waliopita. Wauza dagaa hawakufika hata nusu ya soko, lakini walikuwa kitu kimoja: wote waliandika majina yaleyale, kama watu waliokariri sala. Wa nguo waliandika ya kwao, wa mboga ya kwao, na wenye vibanda vidogo wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Kura zilipohesabiwa, viti vyote saba vikaenda kwa dagaa. Mwenyekiti akawa Mzee Lugembe, pande la mtu mwenye sauti ya upole na magunia ya dagaa wa Kigoma yaliyofika darini.

Kamati ikakaa, na bila mtu wa kupinga ikaamua meza za dagaa zihamie katikati ya soko, chini ya paa jipya. Upepo ukafanya kazi yake. Wiki haijaisha, mama mmoja wa Kwihara akarudisha gauni alilolinunua kwa Adelina kwa ajili ya harusi ya bintiye.

"Paka wamenifuata mpaka mlangoni mwa kanisa," alisema. "Padri ananiuliza kama ni wangu."

Adelina akamrudishia hela yake, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzee, sisi wa nguo ni karibu theluthi ya soko hili. Kwenye kamati hatuna hata mtu wa kukohoa."

"Si mlishindwa?" Mzee Lugembe aliuliza bila ubaya wowote. "Kushindwa ni kushindwa, mwanangu. Timu ikifungwa, hukatiwa kipande cha kombe?"

Adelina akaaga. Alirudi kwenye meza yake, akawa anakunja na kukunjua suruali moja huku akijibishana na mzee kichwani, na hata humo kichwani mzee akawa anamshinda.

Jibu lilikuja lenyewe siku ya mkutano mkuu, uliofanyika Ijumaa moja ya Kwaresima. Mpishi alikuwa Asnath, mama lishe wa palepale sokoni. Asubuhi aliwaambia wanachama kwamba ana sufuria moja tu kubwa ya mboga, basi wachague kitu kimoja cha kulia wali. Mikono ikanyooshwa. Wakatoliki, ambao siku hiyo hawali nyama, wote wakataka maharage. Waliobaki wakagawanyika: hawa nyama ya ng'ombe, hawa kuku. Dagaa hawakupata mkono hata mmoja, wala wa wanaowauza. Maharage yakaongoza, Asnath akawasha moto.

Mchana Mzee Lugembe alifunua sufuria, akachungulia, akafunika, akafunua tena.

"Nyama iko wapi?"

"Maharage yameshinda, mzee," alisema Asnath.

"Yameshindaje? Tuliotaka nyama, na waliotaka kuku, tukijumlishwa si ni wengi kuliko hawa wa maharage?"

"Wengi. Lakini mmeshindwa."

"Kushindwa ndiyo tusile?" Upole wote ulikuwa umemtoka. "Chakula tumekichangia wote! Maharage yananijaza gesi mimi!"

Adelina alikuwa amefika nusu ya sahani yake. Akaweka kijiko chini, akasimama.

"Mzee, na kamati nayo tumeichangia wote. Ushuru nalipa kama wewe. Sasa mimi mwaka mzima nakula maharage yako."

Watu wakacheka, maana waliona ni kweli.

"Ungetaka tufanyeje?" aliuliza Mzee Lugembe, jicho likiwa bado kwenye sufuria.

"Kila upande usimamishe watu wake, tupigie kura pande, siyo majina. Upande ukipata theluthi ya kura, upewe kama theluthi ya viti. Mwenye wengi apate vingi. Mwenye wachache apate vichache, asilale njaa."

Wa nyama wakanyoosha mikono. Wa kuku wakanyoosha. Mzee Lugembe alinyoosha wa mwisho, na baadaye alisema ilikuwa njaa.

Uchaguzi ukarudiwa. Dagaa wakapata viti vitatu, nguo viwili, mboga kimoja. Adelina alikuwa anapiga vigelegele ilipotangazwa kwamba kiti cha saba kimekwenda kwa wenye vibanda vidogo, na mtu wao ni Nurdini.

Nurdini aliuza dawa ya panya. Kutwa nzima kipaza sauti chake kiliimba, "Panya, mende, kunguni! Hawapigi hodi tena!" Adelina hakuwa amemsalimia tangu mwaka juzi.

"Hata huyu?" alinong'ona.

"Kapata kura zake," alisema Mzee Lugembe, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya maharage. "Si hesabu yako hiyo?"

Kamati mpya ilipokaa kuamua juu ya meza za dagaa, watatu walitaka zibaki, watatu walitaka zihame. Nurdini akanyamaza, jambo ambalo soko halijawahi kulishuhudia. Mzee Lugembe akamnunulia soda. Adelina akamletea chai na chapati mbili, akamwita "kaka Nurdini." Nurdini akanywa soda, akanywa chai, akala chapati zote, akafuta mdomo.

"Dagaa wahamie ukingoni, upepo unakokwenda, na paa lao wahame nalo," alisema. "Na mimi nipewe nafasi kando ya dada Adelina. Pana wateja."

Wakakubaliana hivyo. Harufu ikaondoka, kipaza sauti kikaja. Siku ya kwanza mteja mmoja alijaribu blauzi huku ameziba masikio kwa mabega.

"Dada, kelele zote hizi hamna wa kumshitakia?"

"Yupo," alisema Adelina, akimwonyesha Nurdini. "Mjumbe wa kamati ndiye huyo. Geuka kidogo nikufungie vifungo."