Mafungu Mawili ya Vyombo vya Élie

Wakwe zake Kapinga walifika kutoka Kipushi siku moja tu baada ya matanga kuondolewa, tena walikuja na kamioneti. Hebu niambie, anayekuja kumpa mjane pole anakuja na kamioneti ya nini? Hodi hawakupiga. Alitangulia baba mukubwa Kasonde, msemaji wa ukoo, akafuata shangazi Chileshe na domo lake, na nyuma kabisa Guelor, mdogo wa marehemu, amevaa miwani ya jua. Kufa kufaana, walisema wahenga, lakini kuna watu wanaharakisha kufaana hata udongo haujakauka.

"Funguo," alisema Kasonde.

"Funguo ya nini, baba?"

"Ya depo. Bintu bya mutoto wetu, tunakuja kubeba."

Depo ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ile ya kupanga, komini ya Kenya, kata ya mjini, si ile nchi, na humo ndimo vilimokaa vyombo vya muziki ambavyo marehemu Élie na mkewe Kapinga walikuwa wakipigia harusi. Watu walimjua Élie kwa sababu ndiye aliyeshika mikro, kile kipaza sauti. Aliyekaa nyuma akiunganisha nyimbo alikuwa Kapinga, na midundo ya maharusi kuingilia ukumbini aliitunga Kapinga, usiku na mchana, kwenye kompyuta. Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na harusi mtaa wa Makomeno, ya kwanza tangu Élie afariki, na mama wa bibi harusi alikuwa amemkubali Kapinga peke yake, kwa jina lake. Vyombo vikiondoka vyote, harusi hiyo imekwenda, na kazi ya miaka tisa imekwenda nayo.

Kapinga akasimama mlangoni pa depo, funguo ndani ya ngumi, na kaske ya Élie shingoni. Kaske ni zile za kuvaa masikioni, ambazo dijei anasikilizia wimbo unaofuata kabla watu hawajausikia. Tangu msiba alilala nayo. Sponji zake zilikuwa zimechanika na bado zilinuka mafuta ya nywele ya Élie, na Kapinga hakumwambia mtu jambo hilo, maana wangesema amechanganyikiwa.

"Sheria inasema mujane iko na fungu yake," alisema.

"Sheria iko ku tribunal. Hapa iko famille," Kasonde akajibu.

"Miaka tisa!" Chileshe alidakia, mikono kiunoni. "Miaka tisa kwa nyumba ya mutoto wetu, hata mutoto moja hukutupatia. Sasa unataka kubakia na bintu? Rudia kwenu Kasai!"

Kasai! Babu yake ndiye aliyetoka huko, mwenyewe hajakanyaga. Alizaliwa komini hii hii ya Kenya, mtaa wa nne kutoka mlango ule. Lakini mwambie nani? Damu ilimchemka, akafungua mdomo akawapa yao, kwa sauti ambayo hata fundi wa milango ya chuma ng'ambo ya barabara aliweka nyundo chini. Majirani wakajaa ukutani. Mmoja akapaza sauti, "Baba, ni hivyo munahubiri kule Kipushi?"

Hapo Kasonde akatafuta pa kuficha uso. Alikuwa mzee wa kanisa, na aibu aliiogopa kuliko dhambi yenyewe. Akakohoa.

"Basi. Tutafanya namna bazee banafanyaka na nyama ya pori. Mwenye kukata hachagui wa kwanza. Kapinga, kata weye. Mafungu mawili. Guelor atachagua, yenye kubakia ni ya weye. Kintu ikishawekwa kwa fungu, haitoke tena."

"Miye nataka tu bya kuanzia," alisema Guelor, anatabasamu. "Kipushi haina dijei wa maana. Kuna bar inaningojea."

Wanasema mchagua jembe si mkulima. Waongo hao, au hawajawahi kuona mtu akinunua jembe lisilo na mpini. Kapinga alifungua depo akaanza kutoa vyombo uani kimoja kimoja, na kwa kila kimoja alichobeba alikuwa anapiga hesabu. Kumwonyesha Guelor kipi ni cha maana? Thubutu! Alikumbuka mwaka wa kwanza na Élie, walipojichanga wakanunua spika kubwa, bafle, kabla ya kitu kingine chochote, kisha wakakaa wanazitazama bila cha kuzilisha. Walicheka mpaka wakalia. Bafle mtu anakodi. Kila mtaa wa Kenya una mtu wa bafle. Lakini kompyuta yenye nyimbo za miaka tisa utaikodi kwa nani?

Fungu la kwanza akaweka bafle nne, ndefu kumpita Chileshe. Akaweka na ampli, na taa za rangi, na mashine ya moshi, na platini, mashine za kuchezea nyimbo, mbili kubwa za zamani zenye vitufe vinavyowaka kama mapambo ya Noeli. Platini hizo zilikula sidii tu, hazikujua kitu kingine, na sidii zenyewe watu waliacha kuzichoma zamani.

Fungu la pili liliwekwa juu ya mkeka. Kompyuta yenye ufa kwenye kioo. Platini ndogo ya plastiki, kifundo kimoja kimeng'oka, isiyohitaji hata soketi ya ukutani kwa sababu inachukua moto wake kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya nyimbo haishtuki. Na kinanda kidogo cha kutungia midundo, urefu wake mkono mmoja. Ukiliangalia fungu hilo ungesema ni vitu vya mtoto.

Guelor aliziendea bafle moja kwa moja, akazipiga kofi mgongoni. Kapinga alianza kushusha pumzi.

"Ngoja!" Chileshe akapaza sauti. "Guelor, fungua macho. Huyu mwanamuke iko mujanja. Nani anajikatia fungu ndogo namna hii? Kuna kintu kwa ile kompyuta."

Guelor akasimama. Akavua miwani, akarudi pole pole mpaka kwenye mkeka, akainama, akaweka mkono juu ya kompyuta. Kapinga akajikaza kisabuni, uso usiseme neno. Alijua hana cha kusema kitakachoaminiwa na watu wale. Akisifu bafle watazikataa, na akinyamaza kompyuta inaondoka.

Basi akavua kaske shingoni. Akaenda mpaka kwenye fungu kubwa, akaiweka juu ya bafle ya kwanza.

"Hii ilibakia," alisema. "Ni ya Élie, inaenda na bafle zake."

Alitaka kulia kidogo, kwa hesabu, kilio cha kumvuta Guelor. Mungu wangu! Mkono ulipoiachia ile kaske, kilio kikaja chenyewe, si cha hesabu tena, kikamwangusha magoti. Akaikumbatia bafle, akagonga paji la uso juu yake, akasema maneno ambayo hakuyapanga.

"Bebeni byote! Ile kompyuta bebeni! Lakini hii muniachie, nawaomba, muniachie hii tu!"

Chileshe akashusha mikono kutoka kiunoni. Kasonde akatazama pembeni. Guelor peke yake ndiye aliyecheka.

"Umeona, shangazi?" alisema. "Yenye analilia ndiyo ya muzuri. Nabeba ya bafle."

Wakapakia. Guelor aliivaa kaske shingoni, kamioneti ikaondoka na vumbi lake, na Kapinga akabaki amekaa juu ya mkeka, kompyuta mapajani, anawachukia wote mmoja mmoja kwa majina.

Alhamisi mchana kamioneti ikarudi. Guelor peke yake, hana miwani. Na safari hii alipiga hodi.

"Shemeji," alisema. Miaka tisa hakuwahi kumwita hivyo.

"Unataka nini?"

Ikatoka kidogo kidogo. Kule bar Kipushi aliwasha taa, akawasha moshi, bafle zikanguruma, watu wakasimama tayari kucheza. Nyimbo zikawa hakuna. Ndani ya sanduku la platini alikuta sidii tatu za kwaya, mbili zimekwaruzika. Wachimba madini walimzomea mpaka barabarani.

"Ulinidanganya," alisema Guelor.

"Nilikudanganya nini? Ulichagua weye, na macho yako."

"Nipe nyimbo tu. Nimeleta flash."

"Flash yako kaiweke kule ulikoweka akili yako." Kapinga alikuwa ameshika fremu ya mlango, hakumpisha. "Sikia. Bafle naziona ndani ya kamioneti. Leo utazishusha hapa, Jumamosi utazipeleka Makomeno. Utazibeba weye, kwa mgongo wako, na utakaa nyuma yangu usiguse kitu. Nikimaliza, nitakupa nyimbo. Hutaki, bakia na sidii zako tatu za kwaya."

Guelor alimtazama kwa jicho ambalo lingeweza kukausha mchicha.

"Sawa."

"Na kwanza kaske. Sasa hivi. Bila kaske, geuza gari."

Akaenda kwenye kamioneti akarudi nayo, anaining'iniza kwa kidole kimoja. Kapinga alinyoosha mikono yote miwili, halafu mikono ikasimama hewani. Zile sponji nyeusi zilizochanika hazikuwepo. Mahali pake kulikuwa na sponji mpya, nyekundu, zinang'aa.

"Nilitengenezesha," alisema Guelor, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na fahari. "Ile ya zamani ilikuwa inanuka. Nilitupa."

"Wapi?"

"Sijui. Kipushi. Ku takataka."

Kapinga aliichukua. Akaivaa hapo hapo mlangoni, akafumba macho, akabana sponji masikioni kwa viganja, akavuta pumzi. Zilinuka duka.

"Shusha bafle," alimwambia.