Ngozi ya Samaki Kipofu

Zuberi aliiacha nchi ikiitwa Kongo, akaikuta inaitwa Zaire. Miaka minane alikuwa baharia: kwanza bandari ya Matadi, halafu kwenye meli za wavuvi kule kaskazini kwenye barafu. Alirudi Kindu na sanduku moja na kipande cha ngozi kavu. Bibi yake Aziza, ambaye ugonjwa wa inzi wa mtoni ulikuwa umemmaliza macho, alikipapasa. Mkono ukienda, kilikuwa laini; ukirudi, kilikwaruza kama msasa.

“Njo kitu gani hii?”

“Papa, bibi.”

“Papa ya nani?”

“Si baba ya muntu. Samaki ya bahari, mukubwa kupita mutumbwi. Anakaa chini kabisa, kwenye baridi na giza.”

Akamweleza. Wataalamu walimtia mmoja alama wakamwachia. Baada ya miaka kumi na sita wakamvua tena, ameongezeka urefu wa kidole tu. Yule aliyevuliwa na meli ya Zuberi alikuwa na mita tano. Pengine alizaliwa kabla Waungwana, watu wa misafara kutoka pwani, hawajaingia Nyangwe. Na kwenye kila jicho alining'inia mdudu mweupe, analitafuna.

“Kumbe kipofu,” bibi akasema. “Mulimurudisha ku maji?”

“Tulimurudisha.”

Aziza akaweka kiganja juu ya ngozi, akakiacha hapo.

“Sasa juu ya nini moyo yake inapiga humu ndani?”

Jambo la moyo Zuberi hakuwahi kumwambia mtu. Walikuwa wamempasua, moyo wakautupa kwenye beseni, nao ukaendelea: pigo moja, kimya kirefu, pigo tena, mpaka zamu yake ikaisha. Akakiri yote.

Bibi akataka kupelekwa Lualaba saa ile ile. Alisimama maji yakimfika magotini, akaiachia ngozi, ikazama kama jiwe. Zuberi akamwita atoke. Alipomwita mara ya tatu bila jibu, akamfuata, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kuliko mto. Wakarudi nyumbani, wakakaa, chai ikapoa. Ndipo bibi akasema, “Naam, nakuja.”

Tangu siku hiyo ukimuuliza neno asubuhi, jibu lilifika jioni. Zuberi alipata kazi bandarini, hakurudi tena baharini, akazoea kungoja. Lililomshinda kuzoea ni majibu ya maswali ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeyauliza.

“Iko giza,” bibi alikuwa akisema, taratibu, uso ameugeuzia ukuta. “Lakini si mubaya. Chakula inakuja yenyewe.”