Fisi wa Mzee Otmar

Mwaka ule wa sabini na nne, watu wa upande wa Kishapu walipoamriwa kuhamia vijiji vipya, mzee Otmar alikataa kushuka mlimani. Zamani alikuwa mwalimu wa dini. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili pangoni, peke yake, akisali na kula michembe, viazi vikavu alivyopelekewa na bibi Salvina kila Jumamosi.

Tena kulikuwa na fisi jike aliyezoea kunywa maji mlangoni pa pango. Kwa Wasukuma, anayezoeana na fisi ni mchawi. Salvina alijua kwamba Otmar akishushwa na mgambo, hatafika bondeni akiwa hai.

Basi siku ya kumtoa, Salvina aliwatangulia. Njia ya pangoni ilipita katikati ya majabali mawili, nyembamba, ya kupita mbuzi mmoja. Akaketi hapo, akanyoosha miguu.

Watu kumi wakapanda na fimbo. Mbele yao alikuwa kamanda Masele, mume wa Justa, binti wa Salvina. Alipomwona mkwewe akageuka upesi akalitazama jabali, maana mkwe hamkaribii mama mkwe, sembuse kumruka miguu.

"Jilala," Masele alimwambia mgambo mwenzake, macho yake yangali jabalini, "mwambie mama apishe. Hii kazi ya serikali."

"Mwambie kamanda njia ipo," alijibu Salvina. "Aruke."

Nyuma mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Basi pita wewe, Jilala!"

"Mimi? Nilikusindikiza ulipokwenda kuoa. Mkweo ni mkwe wangu."

"Mzee anafuga fisi!" Masele akafoka. "Anampanda kwenda kuloga!"

"Sikilizeni," alisema Salvina. "Zamani, jangwani Misri, aliishi mzee Makari, peke yake kama huyu. Fisi akamletea mwanawe kipofu, amembeba mdomoni. Makari akamwombea, mtoto akaona. Kesho yake yule fisi akamletea ngozi ya kondoo ajifunike. Fisi, jamani! Ninyi Otmar aliwafundisha kusoma, mmemletea nini? Fimbo."

Akawainulia uso.

"Na mifupa anayotafuna fisi huyu naileta mimi. Tazameni macho yangu, mekundu kwa moshi wa kuni za mavi ya ng'ombe. Si ndiyo alama ya uchawi mnayoitafuta kwa vikongwe? Haya, anzeni na mimi."

Jilala akaweka fimbo chini. Jua lilikuwa limepanda. Masele akavua koti lake, akaja kinyumenyume, akalitundika kwenye mti wa miiba kando ya jabali mpaka kivuli kikamwangukia mkwewe kichwani.

"Mwambie mama jua ni kali," alisema. "Tunashuka."

Vishindo vyao vilipokwisha, Otmar akaita kutoka pangoni, "Salvina, wameondoka?"

"Wameondoka."

"Basi inuka, mama, upumzike."

"Siinuki," alisema Salvina. "Wakirudi wanikute hapa hapa."